Kurasa Nilizompa Muuza Karanga

Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa nene kupita kiasi, na aliyeinenepesha ni mdogo wangu. Alikwenda Kasenga kununua samaki, mtumbwi ukapinduka kwenye mto Luapula, na mwili hatujaupata hadi leo. Hatuna kaburi la kupalilia. Mama alikuwa na ile sura moja tu niliyoandika juu ya mwanawe, na kila Jumapili tukitoka misa, hapa mtaani kwetu Katuba, aliniomba nimsomee.

Nilipoanza kuusafisha muswada nilikuwa mkali; mimi hata koma inaweza kunikasirisha. Nilifuta mvua zote, nikafuta wajomba wawili, nikajisifu. Rafiki yangu mwalimu, aliyekuwa akiupitia, akaniambia, "Ule mudogo wako, kila akiingia, histoire inasimama." Nilimnunia siku mbili. Kisha nikakubali, maana kweli hadithi ilisimama. Mdogo wangu hakufanya lolote humo ila kuimba ovyo, kuvaa mashati yangu bila kuomba na kuosha mabeseni yake ya samaki. Nikaichana sura nzima kutoka kwenye daftari. Kompyuta sina, na mjini nilikuwa napeleka kuchapwa yale tu niliyokwisha kuyasafisha, kwa hiyo nakala nyingine haikuwepo.

Kwetu karatasi haitupwi. Jirani yetu anauza karanga za kukaanga kwa chumvi mbele ya lango, anazifunga kwenye karatasi zilizokunjwa, na madaftari yangu yaliyokwisha kazi humpa yeye siku zote. Nikampa na kurasa zile. Alinishukuru, akanipa konzi ya karanga, nikazitafuna nikirudi ndani. Zilikuwa tamu, na kila nikikumbuka utamu ule najichukia.

Kesho yake Mama aliingia na karatasi iliyokunjuliwa, karanga zake amezishika katika kiganja cha pili. Mama husoma polepole, kwa kidole. Alikuwa amekwisha kusoma.

"Papa," alisema, maana ndivyo anavyoniita mwanawe, "ulimutosha mudogo wako mu kitabu juu ya nini?"

"Mama, kitabu ilikuwa murefu sana."

"Njo banafunga naye karanga?"

Nilikimbia kwa jirani, nikapekua kapu lake, nikarudi na kurasa sita; pamoja na ule wa Mama zikawa saba. Nyingine zilikuwa zimekwenda na wanunuzi, kila mmoja na kipande chake cha mdogo wangu, na sidhani kama yupo aliyekisoma kabla ya kukitupa. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi nilijaribu. Nilitembea barabara nzima nikiinama kuokota karatasi chafu, watu wakinitazama, nisipate hata moja yenye mwandiko wangu.

Nikaiandika sura upya, wiki tatu. Safari hii niliijua kazi: sentensi fupi, hakuna kurudia neno, kila jambo mahali pake. Jumapili nikamsomea Mama. Alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Umeandika muzuri," alisema. "Lakini huyu haiko mwana wangu. Huyu iko na akili mingi."

Niliinama nikalia mbele yake, mtu mzima mimi, kwa sababu aliona sawa. Yule wa kwanza nilimwandika wakati maumivu yalikuwa mabichi, sauti yake bado iko masikioni. Sasa sauti ile siisikii tena.

Mama aliningoja nimalize kulia. "Leta zile za chumvi," alisema.

Nikazipanga zile kurasa saba, nikasoma. Katika ule wa mwisho mdogo wangu yuko uani, asubuhi ya safari, anasugua mabeseni na kumwomba Mama sabuni. Sentensi inakatika katikati. Ukurasa unaofuata haupo. Nikafungua kinywa niendelee kwa kichwa, nimfikishe barabarani, kisha mtoni. Mama akaweka mkono wake juu ya karatasi.

"Simama pale," alisema. "Mwana wangu hayaenda bado."