Mwakani, Placido

Ettore Imberti alikuwa na pupa tangu tumboni. Mama yake alimzaa jikoni, ugali wa polenta ukiwa bado motoni, kwa kuwa mtoto hakukubali kumngoja mkunga. Miaka hamsini na saba baadaye bado alikuwa akiungua ulimi kila chakula cha mchana, na lori lake la zege lilijulikana bonde zima, kutoka kijijini kwao hadi mjini Bergamo, kwa honi yake isiyonyamaza. Maishani mwake aliahirisha jambo moja tu, na jambo lenyewe ndilo hili.

Alikuwa na rafiki, Placido Cortinovis, seremala, mtu mwembamba, mpole hadi anakera. Ujanani walishindana pamoja kwa pikipiki za milimani. Vikombe alibeba Ettore. Lakini pikipiki zote mbili, yake na ya mwenzake, zilitengenezwa na Placido: yeye ndiye aliyemkalisha Ettore juu ya kiti, akapima springi zinavyobonyea, akasogeza usukani kidole kimoja mbele, nusu kidole nyuma, huku Ettore akifoka, "Basi, imetosha, twende!" Kila mtu alilijua hilo, na Ettore alilijua kuliko wote. Hakuwahi kulisema.

Kisha akaanguka kwenye mawe akavunjika kifundo cha mguu wa kulia. Mfupa uliunga vibaya, mguu haukukunjika tena kuelekea juu. Akauza pikipiki, akaoa, akanunua lori. Na kila mwaka, majira ya baridi yakiisha, simu ililia.

"Tore, theluji imeyeyuka kule juu kwenye kikanisa cha mlimani. Njoo tupande."

"Mwakani, Placido."

"Mwaka jana ulisema mwakani."

"Basi, si unaona? Mimi mtu wa msimamo."

Walicheka, simu ikakatwa. Ukweli ni kwamba Ettore aliona haya. Hakutaka kupanda polepole mbele ya mtu aliyemwona akiruka. Tena alishuku kwamba Placido anamwonea huruma, na huruma ilimkera kuliko matusi.

Februari Placido alianguka karakanani kwake, akafa kabla majirani hawajafika. Siku ya mazishi wapanda pikipiki wa zamani walikubaliana kwamba Jumapili ya kwanza ya Juni watapanda wote hadi kikanisani, kwa ajili yake. Ettore, macho mekundu, akasema kwa sauti iliyogeuza vichwa: "Mimi nitapanda na pikipiki yake. Mwaka huu napanda. Nikishindwa, msinisalimie tena."

Rosalba, mjane wa Placido, akamsogelea. "Iko nyuma ya karakana, shemeji. Si ile nyekundu, ile iliyofunikwa shuka. Ichukue. Ila kabla hujaigusa, ningependa..."

Lakini shemeji alikwishapiga hatua kuelekea karakanani.

Wiki ya mwisho ya Mei ndipo alipoanza kuiandaa. Pikipiki haikuwa mpya, tanki lilikuwa na mikwaruzo, lakini iliwaka kwa teke la kwanza. Akaizunguka akitikisa kichwa. Usukani umelazwa mbele. Shokapu laini. Kanyagio la breki linaning'inia chini. Ya kizee, akajiambia, ya mtu mwembamba aliyekuwa akienda kuchuma uyoga.

Sasa, bonde lile lina sheria ambayo hata padri anaijua. Skrubu ya shokapu ukiizungusha hulia tik, tik, tik. Kabla hujaibadili, unaikaza hadi mwisho ukihesabu milio, ili ukiharibu ujue pa kurudi. Placido aliikariri sheria hiyo kama sala. Ettore alishika bisibisi akakaza tu. Akakaza na springi, akatumia nguvu za mikono yote miwili, akaurudisha usukani nyuma kama alivyoupenda akiwa na miaka ishirini na tano.

Mkewe, Mariangela, alisimama mlangoni na kikapu cha nguo. "Umeikalia kwanza?"

"Niikalie ya nini? Imetengenezwa kwa mtu wa kilo sitini."

"Na wewe ni wa kilo ngapi, mume wangu?"

"Mimi ni wa vikombe saba."

"Vikombe vya kahawa," alisema Mariangela, akaenda kuanika.

Kilichobaki ni lile kanyagio la breki. Nati yake ilitaka spana ndogo ambayo Ettore hakuwa nayo, na duka lilikuwa limefungwa kwa chakula cha mchana. Kungoja? Akalipiga teke, akaliacha.

Ijumaa Rosalba alikuja na soseji za safari. Alipoiona pikipiki, akasimama palepale.

"Usukani umeugeuza."

"Nimeiweka sawa, shemeji. Placido alikuwa mrefu mwembamba. Mimi..."

"Placido hakuwahi kuipanda hii. Yake ni ile nyekundu." Akaweka soseji juu ya benchi. "Hii alinunua kwa jamaa mmoja kule ziwani, miaka sita iliyopita. Alikununulia wewe, upande naye. Nilitaka kukwambia siku ile, ukaondoka."

Ettore alicheka kidogo, bila furaha. "Angenipimaje, nami sikuwepo?"

"Alimwita Bortolo, mwoka mikate. Akamkalisha. Akasema uzito hautoshi, akamtwisha gunia la unga mgongoni. Bortolo akapiga kelele, 'Kwani Tore amenenepa hivi?' Placido akajibu, 'Humwoni kanisani? Mkanda wake umefika tundu la mwisho.'" Rosalba alitabasamu, halafu tabasamu likamtoka. "Kila mwaka aliifunua, akaiwasha, akakupigia simu. Kisha akaifunika tena. Nilimwambia, 'Mweleze kwamba unayo.' Akasema, 'Akijua, atakuja kwa kunihurumia.'"

Alipoondoka, Ettore alishika tena bisibisi. Akarudisha skrubu nyuma: tik, tik. Ngapi? Akakaza tena. Ngapi, jamani? Hakujua. Kazi ya mikono ya rafiki yake, ambayo ingeweza kumbeba, alikuwa ameifuta mwenyewe mchana mmoja, akipiga miluzi. Mariangela alimkuta amekaa sakafuni analia kwa sauti. Hakumtania. Aliketi kando yake juu ya sakafu ya zege.

Jumapili walipanda. Pikipiki ilimtesa. Kila jiwe lilimfikia mgongoni, springi ngumu zikamrusha huku na huku, akaachwa nyuma na wanaume wenye magoti mabovu kuliko yake. Mara mbili alianguka, mara mbili akainuka, maana aliwaambia wasimsalimie akishindwa.

Kabla ya kikanisa njia hushuka ghafla, mawe matupu, bonde upande wa kulia. Ndipo alipovunjikia ujanani. Ettore alisimama juu ya vikanyagio, pikipiki ikaanza kumkimbia. Akatafuta breki kwa mguu ule usiokunjika, mguu ambao kwa miaka hii yote hata kwenye breki ya lori huuweka kiubavu.

Hakuhitaji kuinua kidole. Kanyagio lilikuwa pale chini, hasa mahali ambapo mguu wake unafika. Akakanyaga. Pikipiki ikatulia, ikashuka taratibu hadi kwenye nyasi, ikasimama.

Hakuendelea. Kengele ya kikanisa ilikuwa ikilia mbele, wenzake walikwishafika. Bortolo mwoka mikate, aliyepanda pamoja nao, akarudi kwa miguu kumtafuta, akamkuta ameinama, kiganja juu ya buti la kulia.

"Vipi, Tore? Breki imekufa?"

"Haijafa." Akalishika kanyagio. "Ni kitu pekee ambacho sikukigusa."

Bortolo alishika usukani upande mmoja, na pamoja wakaisukuma pikipiki hadi kikanisani.