Vitanda Vitano vya Kranki

Mimi ndiye mwanamke wa kwanza Isiolo nzima kufungua injini ya gari la mbio nyumbani kwake.

Kufungua, nimesema. Hata mbuzi ukimpa spana na muda wa kutosha atafungua. Kufunga ndiko kulikonitia aibu.

Ilikuwa 1978. Injini iliyozunguka kwa vidole viwili Ijumaa jioni iligoma Jumamosi saa nne asubuhi mbele ya watu, kama punda aliyenusa fisi. Hakuna aliyeruka ua. Mbwa hakubweka. Hakuna bolti iliyolegea.

Na ukiacha watu wa nyumba yangu, mtu mmoja tu alikuwa ameiinamia ile injini.

Githae.

Subirini. Nianze na gari.

Nilikuwa nafua nguo za Mzungu mmoja wa mradi wa visima. Mtu wa kutafutia watu maji, na gari lake likafa kwa kukosa maji. Chekeni kwanza, nitangoja.

Lilikuwa gari la Kiingereza, jekundu, viti viwili, halina paa. Gari la kukimbiza upepo Ulaya, yeye akalipeleka Korbesa kwenye mawe. Jiwe likatoboa rejeta, maji yakamwagika, moshi ukatoka, na yeye akaendelea kukanyaga mafuta akidhani ni vumbi.

Msomi huyo.

Siku ya kurudi kwao akaniambia, "Peris, gari ni lako." Mzungu hutoa zawadi namna hiyo akikosa pa kuitupa.

Vijana wakalisukuma mpaka kwangu, mtaa wa Kiwanjani. Mume wangu Lobokat, ambaye alikuwa anaendesha lori la mifugo na nyumbani alikuja kama mvua ya jangwani, alilizunguka mara moja, akasema, "Hili ni kaburi lenye magurudumu." Akala, akalala, akaenda Nairobi na ng'ombe za watu.

Asante kwa msaada, baba.

Lakini binti yetu Akiru alilitazama vingine.

Akiru alikuwa na miaka kumi na tano. Alikuwa amemaliza darasa la saba na barua ya sekondari haikuja. Wenzake walikuwa wanaolewa mmoja mmoja. Yeye alitaka kitu kimoja tu chini ya jua: kuwa fundi wa magari.

Gereji ilikuwa moja mtaani, ya Githae. Mara tatu Akiru alienda kuomba afundishwe, mara tatu akafukuzwa.

Ngoja niwaambie kuhusu Githae. Mtu wa Nyeri, tumbo mbele, kalamu tatu mfukoni na sikuwahi kumwona akiandika hata herufi. Gerejini kwake kulikuwa na magari tisa, na kati ya hayo tisa, kilichotembea ni baiskeli yake.

Nikamwendea mwenyewe.

"Fundi, habari yako."

"Mzuri. Kama ni yule msichana, jibu ni lile lile. Akashike mwiko."

"Mwiko anaushika. Anataka spana pia. Ana mikono miwili."

Vijana wake wakacheka. Githae hakucheka. Akajipangusa mikono na kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

"Mama Akiru, kufungua injini ni kazi ya wezi. Fundi unamjua kwa kranki. Huyo msichana wako alaze kranki ya hilo gari lenu. Mimi nitakuja mwenyewe. Ikizunguka kwa vidole viwili, nitamchukua. Isipozunguka, nisiwaone hapa tena, yeye na wewe."

"Na ikizunguka utakubali mbele ya watu?"

"Kwani mimi ni mtoto?"

Kwa wasiojua, kranki ni kile chuma kizito kilichopindapinda tumboni mwa injini. Pistoni zinakisukuma, chenyewe kinazunguka, gari linakwenda. Kinalala juu ya vitanda vitano, na kila kitanda kina kifuniko chake cha chuma kinachofungwa kwa bolti mbili.

Vifuniko vyenyewe vinafanana kama mapacha. Lakini kila kimoja kilichongwa pamoja na kitanda chake. Ukivibadilisha, kranki inabanwa, haitikisiki.

Haya yote sikuyajua. Akiru aliyajua kwa kusimama nje ya ua wa gereji na kutazama, siku baada ya siku, kama mtu anayetazama sinema bila tikiti.

Tulifanya kazi miezi miwili chini ya mabati, mimi na yeye. Spana tulizitoa kwenye lori la Lobokat, hakuulizwa. Tuliosha vyuma kwa mafuta taa kwenye sufuria yangu ya ugali. Ugali wetu ungeweza kuwasha taa.

Kila tulichokitoa, Akiru alikichora kwenye daftari. Halafu mbuzi wa jirani yetu Jarso, mzee wa Kiborana aliyekuwa anatuuzia maziwa, akaingia akala daftari. Lote. Akaacha ganda.

Mimi nikalia. Akiru hakulia.

"Mama, mbuzi za nyanya ni ngapi?"

"Arubaini na kitu."

"Na nilizijua vipi nikizichunga? Niliandika?"

Akavilaza vile vifuniko vitano juu ya ngozi ya ng'ombe, akavikodolea macho. Hiki kina mkwaruzo hapa. Hiki kina kovu. Hiki kimebabuka kando. Kisha akavipa majina ya watu wa nyumbani, kuanzia mbele ya injini kwenda nyuma.

Cha kwanza, nyanya. Cha pili, baba. Cha tatu, babu, yaani mume wa nyanya na baba yake Lobokat, ambaye jina lake silitaji hapa, kwa kuwa kwetu mke hamtaji wala hamkaribii baba mkwe. Cha nne, mama. Cha tano, mjomba Ekai, kwa sababu Ekai hukaa nyuma kila mahali isipokuwa kwenye nyama.

"Nyanya, baba, babu, mama, mjomba," aliimba. Akanifundisha nikaimba na mimi.

Ijumaa jioni kranki ikalala. Akiru akafunga bolti ya mwisho, akaweka vidole viwili, akasukuma.

Ikazunguka. Laini, bila sauti, kama mtu anayegeuka usingizini.

Tulikumbatiana tukiwa na grisi mpaka masikioni.

Na nani anapita saa hiyo hiyo? Githae na baiskeli yake. Hakuomba ruhusa. Akaingia, akainama, akanusa injini kama daktari wa bure.

"Mmetia alama kwenye vifuniko?"

"Alama gani?" nikamuuliza.

"Nukta za kugonga kwa panchi na nyundo. Moja, mbili, tatu. Fundi hutia alama."

"Sisi tuna majina. Nukta ni za watu wanaosahau."

Akanitazama kama mtu anayetazama kuku akihubiri. "Kesho saa nne," akasema, akaenda zake. Hakugusa kitu. Au tuseme, sikumwona akigusa.

Jumamosi asubuhi Akiru alienda bombani kuchota maji. Mimi nikabaki na injini nikiipangusa vumbi.

Saa nne kamili Githae akaja na vijana wake watatu. Majirani wakajaa. Watu wa Kiwanjani harusi wanaweza kukosa, lakini si aibu ya mtu.

Githae akapiga magoti. Akaweka vidole viwili. Akasukuma.

Wapi.

Akaweka mkono mzima. Akaweka mikono miwili. Kranki ikakaa kimya kama kanisa Jumatatu.

Akasimama akijipangusa magoti. "Niliwaambia. Mwiko."

Vijana wake wakaangua kicheko. Nilimtazama Akiru. Vile vidole vyake viwili vilikuwa bado vimenyooka, vinangoja zamu yao. Miezi miwili. Mara tatu kufukuzwa. Na mbele yake hakuna mlango mwingine.

Hapo damu ikanipanda.

"Ni wewe!" nikampigia Githae kelele. "Jana ilikuwa inazunguka! Wewe ndiye uliinama hapa!"

"Mimi?"

"Wewe na kalamu zako! Umeona msichana anakushinda, ukaingiza mkono wa wizi!"

Jarso akainua fimbo yake. "Wallahi, mimi nilimwona ameinama."

"Kuinama ni kosa?" Githae akamaka. "Hata nikifunga kiatu nainama! Na wewe mama, hukuigusa?"

"Mimi? Tangu jana sijashika spana. Mungu ni shahidi."

Watu wakanung'unika. Unajua mtaa ukishapata mwizi. Mmoja wa vijana wake mwenyewe alisogea hatua mbili mbali naye, na nikaona jasho likimtoka yule mwanamume mkubwa kwenye kola. Nilifurahi, sitadanganya. Nilifurahi kama mtu aliyepewa figo mbuzi akichinjwa.

Lakini Githae hakukimbia. Akamgeukia Akiru.

"Sawa. Mama yako anasema kuna aliyeharibu. Kama wewe ni fundi, tafuta palipoharibiwa. Sasa hivi."

Akiru akachukua spana.

Akafungua vifuniko kimoja kimoja, anakigeuza kwenye mwanga, anakitazama uso. Cha kwanza akakirudisha mahali pake. Cha pili akakishika mkono wa kushoto. Cha tatu akakishika mkono wa kulia.

Akalinganisha mikwaruzo na makovu.

Halafu akaviweka, cha kushoto kwenye kitanda cha tatu, cha kulia kwenye cha pili. Vilivyobaki akavifungua akavikagua, akavirudisha vilivyokuwa. Akafunga bolti zote taratibu, huku na huku, akianzia katikati.

Hakutumia vidole viwili. Alitumia kimoja.

Kranki ikazunguka.

Githae akapiga magoti tena, naye akaweka kidole kimoja. Ikazunguka. Akairudisha nyuma. Ikarudi.

"Atiriri," akastaajabu kwa Kikuyu, kwa sauti ndogo. Kisha kwa sauti ya watu wote: "Jumatatu, saa mbili asubuhi. Vaa nguo ya kuchafuka."

Akina mama wakapiga vigelegele. Akiru akafunika uso kwa mikono yenye mafuta.

Nawaambia na yaliyofuata kabisa, ili msiniulize. Gari liliwaka Pasaka ya mwaka uliofuata. Lilitupeleka Rapsu na kurudi mara moja, likitoa moshi kama jiko la msibani, halafu tukaliuza. Akiru alikaa kwa Githae miaka sita, kisha akafungua gereji yake, na magari yake yanatembea.

Funzo la hadithi hii nawapa sasa hivi, kwa sababu nikifika mwisho sitakuwa na uso wa kumfundisha mtu. Ukishapata ulichokuja kutafuta, chukua, funga mdomo, nenda nyumbani. Usingoje na chenji.

Mimi nilikuwa nyumbani tayari. Lakini mdomo sikufunga.

Nilitaka Githae aniombe msamaha.

"Fundi," nikasema, mikono kiunoni, watu wote wakinitazama, "kabla hujapanda baiskeli yako, kiri. Umesikia aibu, sawa, tutakusamehe. Sema tu kwamba ulibadilisha vifuniko."

"Mama Akiru, mimi sijabadilisha kitu."

"Mwongo mkubwa! Mtu mzima na mvi zake!"

"Mama," Akiru akasema.

"Ngoja, mtoto. Akiri kwanza."

"Mama. Vilivyobadilishwa ni baba na babu."

"Ndiyo! Unasikia, Githae? Baba na babu!"

"Baba na babu ni akina nani?" Githae akauliza, na alikuwa anauliza kweli.

Akiru akaweka spana chini. Alikuwa ananitazama mimi tu, na pembe ya mdomo wake ilikuwa imeanza kucheza.

"Sisi tulipanga nyanya, baba, babu, mama, mjomba," akasema. "Asubuhi hii nimekuta nyanya, babu, baba, mama, mjomba. Babu amelala na nyanya. Baba amelala na mama. Kila mtu na wake. Na mama halali tena mbavu kwa mbavu na baba mkwe wake."

Mtu nyuma akaanza kukohoa.

"Fundi Githae hajui nani ni nani, mama. Huyu mwizi alijua. Na ni mtu wa kwetu, kwa sababu ana heshima sana na wakwe."

Nilitazama mbwa. Nilitazama mabati. Nilisikia Githae akianza kucheka, kutoka chini kabisa tumboni, kicheko kilichokuwa na haki yote duniani.

"Ngojeni," nikasema, nikiinua leso yangu na kuelekea mlangoni. "Maziwa yangu yanafurika jikoni."

"Maziwa gani, Mama Akiru?" Jarso akauliza. "Leo mimi sijaleta."