Tangi Lisilooshwa

Katika karakana ya mitambo ya barabara, fundi mkuu aliitwa Mzee Pua. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akiinamia bomba la moshi, ananusa mara moja, kisha anataja ugonjwa wa injini. Mara nyingi alipatia. Siku alizokosea, hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Kampuni ilipotangaza kwamba mitambo itaacha dizeli na kutumia mafuta yanayotengenezwa kutokana na mafuta ya kupikia yaliyokwisha tumika, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Sasa tingatinga likikohoa tulitilie kitunguu?"

Nyumbani utani huo haukupata mchekaji. Mkewe alikuwa mpishi mkuu katika jiko la hospitali, na mafuta ya jiko lake ndiyo yaliyokusanywa ya kwanza. Kila jioni aliyachuja kwa kitambaa cheupe, akayatia kwenye madumu na kubandika tarehe.

"Baba watoto," alisema, "safari hii mimi na wewe tunafanya kazi moja."

Alijibiwa kwa mguno.

Injinia, mwanamke kijana asiyepaza sauti, aliagiza kila tangi limwagwe, lioshwe na chujio libadilishwe kabla ya kujazwa, maana mafuta mapya hung'oa uchafu wa miaka mingi uliogandia ndani. Mzee Pua aliosha matangi manne. La tano, la tingatinga kubwa, boliti zake zilikuwa zimeshika kutu, na jua lilichoma. Akajiambia, humu dizeli imepita miaka kumi na miwili bila tangi kuogeshwa. Akatia saini kwamba limeoshwa.

Siku ya tatu tingatinga likazima na kuziba njia. Mzee Pua alilifungua chujio mwenyewe, akalikuta limejaa tope jeusi. Akalifunga kwa gunia na kulisukumia nyuma ya kiti cha dereva.

"Mzee, tangi hili lilioshwa?" injinia aliuliza mbele ya wote.

"Limeoshwa. Mafuta yenu ya jikoni ndiyo machafu."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima.

Kesho yake ukusanyaji ukasimamishwa. Mkewe alirudi uso umemshuka. "Wameniuliza kama natia maji kwenye mafuta. Mbele ya wapishi niliowafundisha mwenyewe." Akakikunjua kile kitambaa. "Labda kimetoboka. Hebu niangalizie."

Mzee Pua alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta kweli.

"Sioni tundu," alisema. Akakikunja, akamrudishia.

Siku mbili zilizofuata mkewe aliendelea kuyachuja mafuta yasiyochukuliwa na mtu, sasa mara mbili mbili. Mzee Pua alikula akitazama sahani.

Asubuhi ya tatu alipiga moyo konde. Wafanyakazi walipokusanyika kupangiwa kazi, alilifungua gunia lenye lile chujio miguuni pa injinia.

"Nilidanganya. Tangi sikuliosha. Mafuta ni safi. Aliyeyachuja ni mke wangu, na nilijua."

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka.

"Ahsante kwa kusema, mzee," injinia alijibu kwa upole. "Leo utaliosha. Na kuanzia sasa, kila unapotia saini, fundi mwingine atakagua kwanza."

Upole huo ulimkata maini kuliko tusi.

Jioni alimweleza mkewe, aliyekuwa akikunja nguo.

"Nilikupa kitambaa, ukakiangalia," mkewe alisema.

"Nilikiangalia."

"Huku unajua."

"Huku najua."

Mkewe akamaliza kukunja, akaingia chumbani.

Wiki ile Mzee Pua aliomba ruhusa, akaenda hospitali na ovaroli yake. Alisimama mlangoni mwa jiko akawaeleza wapishi, neno kwa neno, kwamba kosa lilikuwa lake. Mpishi mmoja kijana alimpa shikamoo na kumsogezea kiti. Hakuweza kukikalia. Mkewe alikuwa akikoroga sufuria, akiwa amempa mgongo, na mwiko haukusimama hata mara moja.

Mwishowe akasema bila kugeuka, "Gari la mafuta limeanza kuja tena. Madumu yale pale. Yatoe nje."

Mzee Pua akainama, akanyanyua mawili. Masikio yakimwaka, akapita katikati ya wapishi, nao wakampisha.