Fundi wa Ng'ambo

Ukivuka daraja na kugongewa muhuri uhamiaji, kibanda cha kwanza kukutana nacho upande wetu ni cha Mama Sare: cherehani mlangoni, vitambaa vya sare za shule vimerundikwa hadi darini. Ng'ambo ya mto, katika nchi ya pili, alikuwapo fundi mwingine aliyeitwa Mkasi. Wawili hao hawakuwahi kuonana, ila waligombana kwa miaka kupitia midomo ya wateja. Mkasi alidai nguo za mama huyo huachia mshono zikiona maji tu. Mama naye alijibu kuwa suruali za Mkasi zinamfaa mtu asiyetarajia kukaa.

Mwaka mmoja mto ulifurika ukang'oa nguzo ya daraja. Watu wakakatazwa kuvuka. Ni mizigo tu iliyopita, kwa mtumbwi, tena baada ya kukaguliwa. Shule ya ng'ambo ilikaribia kufunguliwa, na Mama Sare alikwisha kupima watoto na kukata vitambaa vyao. Kumalizia kushona bila kuwajaribisha ni kubahatisha, maana watoto hukua kama mchicha. Mumewe, mpakia mizigo forodhani, alimshauri asubiri. Mama akamjibu kuwa shule haimsubiri mtu.

Asubuhi nzima alipigana na kinyongo chake. Mwishowe alifunga vile vitambaa akamkabidhi mpiga kasia.

"Mpelekee Mkasi," alisema. "Mwambie mimi nimekata, yeye ashone. Pindo nimeliacha pana, mtoto akirefuka literemshwe."

Baada ya siku chache mpiga kasia alirudi na habari kwamba watoto wameingia darasani wamependeza. Alileta na shati moja, mama ajionee. Mama Sare akaligeuza ndani nje akitafuta kosa. Hakuliona, na hilo lilimuudhi kidogo.

Daraja lilipotengenezwa, alibisha hodi mzee mwembamba mwenye miwani, akasema ndiye Mkasi. Mama, aliyekuwa akimwazia pande la mtu, alimkodolea macho.

"Dada," Mkasi alisema, "kola unaikataje? Yangu hainyooki."

Mama akamsogezea kigoda karibu na meza ya kukatia.

Siku hizi sare za kingo zote mbili hukatwa kwetu na kushonwa kwao. Kubishana hawajaacha. Wiki hii ni juu ya vifungo, na kila mmoja ameapa kutorudi nyuma.