Maji ya Kijani Nyuma ya Jiko la Bibi

Redioni nilisikia kwamba ule ukijani unaotanda kwenye madimbwi ni mimea midogo mno, ina mafuta ndani yake. Huko kwa wenzetu wanaikamua waendeshee magari, wengine wanatengenezea dawa na chakula cha kuku. Ilikuwa 2013, naishi na bibi kijijini Kitanga. Basi usingizi ukaniruka. Nilichota maji ya dimbwi la bondeni, nikayatia kwenye pipa lililokatwa nusu, nikaongeza samadi kidogo, nikaliacha juani nyuma ya jiko. Baada ya wiki chache yalikuwa kijani kama kisamvu kilichotwangwa. Nikamwahidi bibi kwamba koroboi yake itawaka kwa mafuta yangu.

"Injinia wa uvundo," akanijibu. "Kaoge kwanza."

Yule mtangazaji alisema na jambo jingine: ziko aina zenye sumu, ng'ombe akinywa anaweza kufa siku hiyohiyo.

Mchana mmoja ng'ombe tuliyekuwa tukimtunza akakata kamba. Nilimkuta kichwa kimezama pipani, anakunywa kwa raha zake. Na hakuwa wetu. Mjomba alitugabia kwa desturi yetu sisi Waha: unamtunza, maziwa unakunywa, lakini ndama anarudi kwa mwenyewe.

Nikamweleza bibi yote, hata ya sumu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Hayo yako ni ya mafuta au ya sumu?"

"Sijui, bibi. Yote ni kijani."

"Akifa huyu, mjomba wako nitamtazama kwa jicho gani?"

Tukakaa zizini. Ng'ombe akilala, naona anakufa. Akisimama, naona miguu inamtetemeka. Bibi alimpapasa tumbo. Jua lilipokuwa linazama, ng'ombe akaanza kucheua, taratibu, kama hana habari na sisi.

Asubuhi bibi akamkamua. Maziwa yalikuwa meupe kama siku zote. Nikanyoosha mkono, akakivuta kikombe.

"Subiri, mwana wanje, mwanangu. Mimi chumvi nimeshakula nyingi."

Akapuliza povu, akanywa yote, akafuta midomo, akabeba jembe.

Pipa sikulimwaga, niliogopa hata kuligusa. Nilimfuata shambani, nikalima kando yake asubuhi nzima, na kila alipoinama nilisimama kungoja ainuke.