Koti Lililozikwa Ngonga

Nilipohamia Kyela kutoka Kondoa nilidhani kazi yangu itakuwa ugomvi wa kawaida wa mume na mke: ulevi, wivu, ndugu wanaoingilia. Ofisi yetu ya ushauri wa familia ilikuwa vyumba viwili vilivyopakana na ghala la kakao, na msimu wa mavuno harufu ya mbegu zinazochachuka, kali kama siki, iliingia hadi ndani ya mafaili. Tulikuwa wawili. Mimi ndiye niliyesomea ushauri nasaha. Mwenzangu alikuwa muuguzi mstaafu, mama mtu mzima mzaliwa wa Busale, aliyenisaidia pale mteja alipoanza kueleza kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kinyakyusa. Hilo lilitokea karibu kila siku.

Familia ninayoikumbuka kuliko zote ililetwa na mchungaji wao. Alinipigia simu asubuhi moja.

"Nina mume na mke wa Ngonga," akasema. "Mume alikuwa amekufa. Sasa amerudi."

Nilidhani mtandao unakata maneno. Nikamwomba arudie, akarudia vilevile.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Yule mwanamume alikwenda Afrika Kusini kutafuta kazi, akamwacha mke na binti wa miaka mitano. Miaka mitatu ya mwanzo alipiga simu, halafu akanyamaza. Mke akaendelea kulima mpunga na kumlea mtoto. Mwaka wa nane tangu aondoke, mke akawaambia wakwe zake kwamba amepigiwa simu kutoka huko: mumewe amegongwa na gari na amezikwa hukohuko na serikali ya mji. Ukoo ukaweka msiba. Watu walilala pale siku nne. Kwa kuwa hapakuwa na mwili, walichukua koti la suti aliyofungia ndoa, wakaliweka ndani ya sanduku la mbao na kulizika kando ya migomba. Baadaye wakasakafia juu na kuweka msalaba.

Miaka saba baada ya mazishi hayo, mwezi wa sita, watu wakiwa kwenye mavuno, mwanamume akashuka bodaboda mbele ya nyumba yake. Mkewe alikuwa anapepeta mpunga uani. Akamsalimia, "Mugonile." Mke akaitikia, "Ndaga," bila kuinua uso, kama anavyomwitikia mpita njia yeyote. Kisha akainua uso. Hakupiga kelele. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Waliopiga kelele walikuwa majirani.

Walipokuja ofisini mara ya kwanza, mume alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, amefunga vifungo vya shati hadi shingoni. Mke alikaa upande wa dirishani, mikono ndani ya kitenge. Kati yao alikaa yule mwenzangu muuguzi, na hakuna aliyeona ajabu.

Nikamwuliza mke anataka nini.

"Sitaki kitu," akasema. "Mimi nilishamlia huyu. Nilinyoa nywele. Nilimaliza. Sasa nianze wapi tena?"

Nikamgeukia mume. Hakujitetea. Alisema alipoteza karatasi zake, akafungwa, akatoka, akaona aibu kupiga simu. Alisema pia kwamba aliishi na mwanamke huko, na kwamba mwanamke huyo alimfukuza alipoanza kuumwa. Alisema yote hayo akitazama sakafu. Kisha akanyanyua kichwa.

"Nimekosa, na naomba msamaha kwa yote," akasema. "Ila nami nina swali moja, dada. Nani alisema nimekufa?"

"Nilipigiwa simu," mke akajibu.

"Na nani?"

"Mtu nisiyemjua."

"Hakutaja jina?"

"Hakutaja."

Swali hilo alilirudia katika kila kikao. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu aliyepoteza ufunguo na anajua kwamba uko humohumo nyumbani. Mimi niliandika kwenye daftari kwamba mteja anakwepa makosa yake kwa kutafuta kosa la mtu mwingine. Niliona nimeandika jambo la akili.

Kikao cha tatu alikuja binti yao. Alikuwa na miaka ishirini, anasomea ualimu. Alimwamkia mwenzangu, akaniamkia mimi, akakaa. Hakumwamkia baba yake. Nilimwomba aeleze namna alivyopokea kurudi kwa baba.

"Mimi baba yangu ninamjua," akasema. "Yuko pale kwenye migomba. Kila Pasaka nilikuwa napalilia. Matokeo yangu ya kidato cha nne nilikwenda kumsomea, somo moja moja. Huyu hakuwepo."

Baba yake alianza kulia bila sauti. Mama yake alitazama nje, kwenye mikeka ya kakao. Nilifurahi moyoni, nasema ukweli. Nilifundishwa kwamba mtu akilia mlango umefunguka.

Wiki iliyofuata mke alikuja peke yake, na haikuwa siku yake. Alikuwa amekuja mjini na baiskeli, matope hadi magotini. Akaomba mwenzangu atoke nje.

"Anaweza kukusaidia ukitaka kusema kwa lugha yenu," nikamwambia.

"Ndiyo maana nataka atoke," akasema. "Yeye ni wa huku. Wewe si wa huku. Wewe siku moja utahamishwa."

Mwenzangu alitoka, akavuta mlango. Mwanamke akasema, "Nilijua yuko hai."

Aliniambia kwamba kweli alipigiwa simu, ila si ya kifo. Kijana wa kijiji chao aliyekuwa akifanya kazi kule ndiye aliyempigia, akamwambia amemwona mumewe, mzima, ana nyumba na mwanamke na mtoto mdogo, na kwamba alipomwuliza habari za nyumbani, mume alicheka na kubadili mazungumzo. Kijana huyo naye alifariki mwaka uliofuata. Hakubaki mtu mwingine aliyejua.

"Mtoto alikuwa anamsubiri," akasema. "Gari lolote likisimama barabarani anakimbia kwenda kuona. Miaka kumi na mitatu, msichana mzima, anakimbilia magari. Chakula hali. Usiku anaweweseka. Ningemwambiaje? Kwamba baba ana mtoto mwingine na wewe hakutaki? Nikaona bora alie mara moja, amalize. Na akamaliza, dada. Alilia mwezi mmoja, akaanza kula, akasoma."

"Na wewe?"

"Mimi nililia kweli. Watu wanadhani mtu hawezi kulia msiba wa uongo. Mimi nililia hadi sauti ikakauka."

Nikamwambia yale tuliyofundishwa kusema. Kwamba siri yake iko salama kwangu. Kwamba, hata hivyo, siku moja huenda akataka kumwambia binti mwenyewe, na kwamba ningekuwepo kumsaidia. Alinyanyuka kabla sijamaliza.

"Nimekwambia wewe," akasema. "Imetosha."

Baada ya hapo nilikuwa mshauri mbaya kwao. Mume alipouliza swali lake, nilihisi uso wangu unapata joto. Niliharakisha kumpeleka kwenye mambo mengine, na yeye, kwa adabu, alikubali kupelekwa. Nilimpigia simu msimamizi wangu wa Mbeya. Akasema siri ya mteja ni ya mteja, nimtie moyo aitoe mwenyewe, basi. Alikuwa na haki. Nilikata simu nikiwa palepale nilipokuwa.

Pengine kwa sababu hiyo nilishika jambo nililoweza kulishika. Mume alisema hawezi kulala nyumba moja na kaburi lake, na kweli alikuwa akilala kwa kaka yake, kijiji cha Katumba Songwe. Nikapendekeza kaburi livunjwe, na wote watatu wawepo. Nilisema itakuwa alama ya kuanza upya. Mwenzangu aliniangalia.

"Binti yangu," akasema tulipobaki wawili, "kitu kilichofukiwa na ukoo hakifukuliwi na ofisi."

Nilimwambia ukoo umekubali. Ulikuwa umekubali. Mchungaji naye alikubali.

Tulikwenda Ngonga siku ya Jumamosi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na milima ng'ambo ya ziwa ilionekana karibu, imeoshwa. Kaka wawili wa mume walivunja sakafu kwa nyundo na kuchimba. Haikuchukua muda, kaburi halikuwa refu. Sanduku lilikuwa limeoza, walilitoa vipandevipande. Ndani mlikuwa na kitu cheusi kama matope, na vifungo vitatu.

Mume alipiga magoti, akaokota vifungo, akavifuta kwenye suruali.

"Lilikuwa linanibana," akasema. "Siku ile ya ndoa sikuweza kuinua mkono kula."

Mke akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, akaziba mdomo, lakini tayari kilikuwa kimetoka, na mume naye akacheka, na kwa muda mfupi nikawaona walivyokuwa zamani, kijana mwenye koti linalombana na msichana anayemcheka. Nadhani nilianza hata kupanga kikao kijacho.

Binti alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema polepole, "Kwa hiyo nilikuwa naongea na vifungo."

Alikuwa anamtazama mama yake. Kile kicheko alikuwa amekiona. Aliendelea kumtazama muda mrefu, kisha akatoka kuelekea barabarani. Mama yake alimwita kwa Kinyakyusa, mara mbili. Hakugeuka.

Jumatatu nilipofika kazini nilimkuta binti amekaa kwenye ngazi. Aliniamkia, nikamkaribisha ndani. Hakukaa.

"Anti, nitakuuliza swali moja tu," akasema. "Mama alijua?"

Nimelifikiria jibu langu kwa miaka sasa. Ningeweza kusema hapana, na ningekuwa mwongo. Ningeweza kusema ndiyo, na ningekuwa msaliti. Nikasema nilichopaswa kusema.

"Yale ninayoambiwa na mtu humu ndani siwezi kumwambia mtu mwingine. Hata wewe ukiniambia jambo, mama yako hatalisikia kwangu. Hilo swali ni la kumwuliza mama."

Alinisikiliza hadi mwisho. Nikamwona anaelewa. Kama ningekuwa sina cha kuficha, ningesema tu kwamba sijui. Nilitambua hilo wakati uleule alipotambua yeye, na hapakuwa na neno la kurudisha.

"Ahsante," akasema.

"Kaa kidogo. Tuongee."

"Miaka saba," akasema, si kwangu. "Aliniona nakwenda pale na karatasi yangu ya matokeo. Alikuwa amesimama mlangoni ananiona."

Akaondoka. Jioni ileile alirudi chuoni, na likizo iliyofuata hakuja nyumbani. Hakupokea simu za mama yake. Za baba yake hakuwahi kuzipokea.

Mama alikuja siku ya nne. Alisimama mlangoni, hakutaka kiti, hakutaka maji.

"Umemwambia."

"Sikumwambia, mama. Naapa kwa Mungu sikumwambia."

"Amejuaje?"

Nikaanza kueleza. Nikaona maelezo yangu yanazidi kuwa marefu huku yeye akinitazama tu, mkono mmoja kwenye mwimo wa mlango.

"Nilijua wewe ni mgeni," akasema. "Nikadhani mgeni hana pa kuipeleka."

Mwenzangu alimfuata hadi barabarani, nikawasikia wakiongea kwa Kinyakyusa, sauti ya mwenzangu ikibembeleza, ya mwanamke fupi, neno moja moja. Aliporudi sikumwuliza wamesema nini. Naye hakuniuliza nilikuwa nimeficha nini. Alikuwa amekwisha kuelewa, kama kila mtu, isipokuwa mume.

Mume aliendelea kuja vikao viwili zaidi, peke yake, kwa wakati, na shati lililofungwa hadi juu. Alitaka kujua amekosea wapi siku ile ya kaburi. Alidhani binti alichukizwa na ule utani wake wa koti. "Nilipaswa kunyamaza," alisema. "Mtoto ana uchungu, mimi nachekesha." Nilimwambia halikuwa kosa lake. Akaniuliza kwa nini basi. Nikasema mambo haya huchukua muda. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, akaandika kitu kwenye kikaratasi, labda siku ya kikao kijacho, na hakuja tena. Kaka yake alisema amevuka mto kwenda upande wa Malawi, kuna mtu anamjua huko mwenye shamba. Hakuaga Ngonga. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumjibu swali lake.

Kwenye faili kuna mahali pa kuandika sababu ya kufunga. Niliandika kwamba wateja hawakuendelea na huduma.

Bado niko Kyela. Sijahamishwa. Watu bado wanakuja, na ninawaambia mwanzoni kabisa, kama ninavyotakiwa, kwamba wanayoyasema yatabaki humu. Huwa nawaona wanalegea mabega wakisikia hivyo.

Mwaka jana mwenzangu alitoka mazishini Ngonga akaniambia yule binti ameolewa Mbeya, kanisani, harusi nzuri, amepelekwa madhabahuni na mjomba wa mumewe. Nikamwuliza kama mama yake alikwenda.

"Aliambiwa baadaye," akasema, akaenda kuita mteja wa kwanza.