Mke Mwenza Ndani ya Kompyuta

Mtu asije akaninyooshea kidole kabla hajakaa na sauti ile. Mimi nimekaa nayo. Nilipoachika nilihamia kwa dada yangu, nikapewa chumba kinachopakana na sebule, na ukuta wake ni mwembamba: ukipiga chafya upande huu unaambiwa pole upande ule. Basi kutwa nasikia kompyuta ya shemeji inamsomea kila herufi anayobonyeza, kisha neno, kisha mstari mzima, kwa sauti ya pua, haicheki wala haichoki. Dada aliipa jina: mke mwenza. "Mke mwenzangu kaamka," atasema, anaisukuma sufuria jikoni kwa hasira. "Huyo haumwi hata koo."

Shemeji haoni tangu utotoni. Watu humwita Opereta, kwa sababu maisha yake yote ya kazi alikaa kwenye ubao wa simu wa ofisi moja kubwa, anaunganisha laini. Anakujua kwa pumzi kabla hujasema halo. Siku simu zilipoingia mifukoni mwa watu, ubao uling'olewa, na yeye akapewa saa ya ukutani kama zawadi ya kuagwa. Saa ya ukutani, kipofu. Waliompa walipiga makofi.

Kilichobaki kumpa usingizi ni kijitabu. Chama cha waliokuwa maopereta kilitaka kuchapisha kumbukumbu zao, na katibu wake akamwomba shemeji aandike habari za ule ubao. Kijitabu kingetoka na jina lake. Hajawahi kuona jina lake popote, wala hataliona, lakini alilitaka liwepo. "Wengine watalisoma, shemeji," aliniambia. Nikamjibu haya, nikaendelea kuchambua mchele.

Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, inakokota. Akaiongezea memori na diski mpya, na mfumo wa zamani wa kuiendesha, uliokuwa na ile sauti, ukagoma kuingia. Fundi akashauri mfumo huria, wa bure, ambao yeyote anaweza kuuchukua na kuufungua. Akaja na mitatu ili tuchague.

Tulikaa kwenye kochi, shemeji katikati. Wa kwanza ulipowaka ulikuwa na picha ya ziwa, dada akaguna. Wa pili ulikuwa mweusi, akasema tuondolewe mkosi. Wa tatu ulikuwa na vitufe vya rangirangi, dada akaupenda papo hapo. Mimi pia niliupenda. Tulikuwa tunamchagulia kipofu rangi, na hakuna aliyeona ajabu.

"Na unaosema ni upi?" shemeji akauliza.

Fundi akafungua mdomo. Dada, nyuma ya bega la mumewe, akapunga mkono: hapana, hapana. Bangili zake zikalia. Shemeji akageuza kichwa kidogo upande ule, kisha akamrudia fundi.

"Huu haujawekewa sauti, mzee," fundi akasema, macho yake yako kwa dada.

"Nilisikia hii mifumo hutengenezwa na watu wanaojitolea, na wengine ni vipofu kama mimi. Kweli wangesahau sauti?"

"Ndiyo teknolojia, mzee. Labda baadaye."

Mlangoni fundi akanong'ona, "Mama, sauti imo. Ni vitufe viwili tu."

"Basi usivibonyeze," dada akasema, akamfungulia lango.

Jamani, nyumba ilitulia. Tulisikia ndege, tulisikia hata maji yakichemka. Dada alikuwa akiimba jikoni. Nisiwe mnafiki, nilifurahi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nimeambiwa baadaye, lakini siku zile nilikuwa nalala mchana kama bibi harusi.

Shemeji hakuacha kuandika. Vidole vyake vinazijua herufi mahali zilipo, ila sasa hakuwa na wa kumwambia zimeangukia wapi. Siku za mwanzo dada alikuwa akimfungulia ukurasa asubuhi. Kisha akachoka.

"Umenifungulia, mke wangu?"

"Nimekufungulia," dada anajibu toka jikoni, mikono imejaa unga.

Mimi nilipita na ufagio nikaona. Kompyuta ilikuwa imejifunga, inaomba nenosiri, na yeye anaandika habari zake zote mle kwenye kisanduku cha nenosiri. Vidoti vyeusi vinajipanga hadi mwisho wa kisanduku, yeye anaandika tu, anatabasamu. Nikamwambia dada. Dada akasema, "Si katulia? Mwache." Nikafagia chini ya miguu yake, akainyanyua kwa adabu, akaniambia asante shemeji.

Jioni alimwomba dada amsomee alichoandika. Dada akakaa kando yake, akakitazama kioo kitupu, akasema, "Umeandika vizuri sana. Watalia." Mzee akashika mkono wake kwa furaha.

Katibu akaja kuchukua kazi, kwa kuwa kijitabu kilikuwa kinakwenda kiwandani. Dada akamwingizia nenosiri. Katibu akatafuta, akatafuta tena. Akakuta ukurasa mmoja na nusu, uliokatika katikati ya sentensi.

"Mengine yako wapi, Opereta?"

"Yamo humo humo. Nimeandika kila siku."

Dada akadakia, "Hii mifumo ya bure ndiyo ilivyo. Imeyameza."

Fundi akaitwa. Nadhani angenyamaza kama si lile neno bure. Liliugusa ufundi wake. "Mama, usiusingizie mfumo," akasema. "Mfumo huu hauna kasoro. Una kila kitu." Akabonyeza vitufe viwili.

Kompyuta ilikuwa imeshajifunga tena. Ile sauti ya pua ikasema, "Nenosiri. Kisanduku kitupu."

Shemeji alikaa wima. "Ilikuwemo?"

"Ilikuwemo, mzee."

"Tangu siku ile?"

Fundi akamtazama dada. Dada akaurudisha mkono nyuma ya mgongo, na bangili zikalia.

"Aa," shemeji akasema. "Kumbe zilikuwa bangili."

Katibu alisubiri kidogo, akasema mtambo hausubiri mtu, akaondoka na ukurasa wake na nusu. Kijitabu kilitoka bila jina la Opereta. Nusu sentensi haichapwi.

Sasa sauti imewashwa. Dada mwenyewe alimwomba fundi aiache hivyo, na kila asubuhi anamfungulia mumewe ukurasa kweli, anamwekea kibodi mapajani. Shemeji anaiweka kando, taratibu. Dada kavua bangili zote, kazifungia kabatini. Anatembea kwa kunyata, lakini shemeji anaijua pumzi yake.

Jana dada alipiga magoti mbele yake, analia, anamwambia, "Mume wangu, niseme nini? Nitukane basi." Shemeji akainua uso, akamjibu kwa ile sauti yake ya kazini, ya upole, aliyokuwa akiwajibu watu asiowajua.

"Samahani, mama. Laini hiyo haina mtu."